Siku Kumi na Nne kabla ya Kuvuka Sirari

Siku ya kwanza, Jumamosi

Safari yetu ya Mwanza imeanza kwa sindano. Tangu saa mbili asubuhi wanafunzi 14 wa chama chetu cha shule walikuwa wamepanga foleni nje ya chumba cha chanjo hapa Kisumu, kila mmoja na barua ya ridhaa ya nyumbani mkononi, ili wachanjwe dhidi ya homa ya manjano. Msafiri anayetoka Kenya huulizwa cheti cha chanjo hiyo anapoingia Tanzania, na cheti chenyewe hakihesabiwi kuwa halali mpaka zipite siku 10 tangu sindano, kwa hiyo nimeona shajara hii ianze leo badala ya kungoja siku ya kupanda basi kwenda mpakani Sirari. Muuguzi aliwaeleza kwamba zamani cheti kilikuwa kikiisha muda wake baada ya miaka 10, lakini tangu Julai 2016 sindano moja hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyedungwa. Mweka hazina wetu, msichana wa kidato cha tatu asiyependa kuona kitu kikipotea bure, alipiga hesabu papo hapo akasema kwamba akijaliwa kufika miaka 80, sindano hii itakuwa imemgharimu senti tu kwa siku.

Kijitabu cha cheti ni cha rangi ya njano, nao wakakiita kadi ya njano bila kufundishwa na mtu. Dereva wetu aliyekuwa akitusubiri mlangoni akadakia kwamba hata yeye anashughulikia kadi ya njano, yaani ile bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayolikinga gari likiwa kwenye barabara za nchi jirani, ambayo Tanzania huikubali ingawa yenyewe ilikwisha kujitoa COMESA. Basi letu nalo ni la njano, kama sheria inavyoyataka mabasi ya shule nchini. Beki wa timu ya shule akatukumbusha kwamba mchezaji akipata kadi ya pili hutolewa nje, sasa sisi wenye tatu sijui tutafikaje.

Niseme kwa ufupi tunakwenda kwa nani. Kituo tunachokisaidia kipo Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu, na kazi yake ni kuwapokea watoto wanaoshinda na kulala mitaani, kuwapa chakula cha mchana na masomo ya kuwarudisha darasani, kisha kuwatafuta jamaa zao popote walipo ili mtoto arudi kulelewa nyumbani. Hakiwaweki watoto miaka nenda miaka rudi. Tulikifahamu kupitia mwalimu mwenzetu wa zamani aliyehamia huko, na kwa miaka mitatu sasa wanachama wetu, ambao ni sitini na wachache, hutoa shilingi 20 kila Ijumaa, nasi tukazituma kwa simu kila mwisho wa muhula. Hawa 14 wamepatikana kwa kura ya bahati nasibu.

Siku ya pili, Jumapili

Jana jioni ilifika barua ya msimamizi wa kituo, nayo ilitukuta na magunia manne ya nguo tulizokusanya kwa majuma sita. Mama huyo ameandika kwa upole lakini hakuficha kitu. Nguo tusilete, kwa sababu masoko ya Mwanza yamejaa mitumba kama yalivyojaa ya kwetu. Peremende tusilete. Madaftari tusiyanunue Kisumu bali tuyanunue kwa mwenye duka aliye jirani na kituo, ambaye huwakopesha unga wanapopungukiwa. Tusijisumbue pia kupanga kupaka rangi ukuta, kwa kuwa mtaani kwao wapo mafundi rangi wanaotafuta kibarua. Alichoomba ni mipira miwili iliyo imara na watu walio tayari kucheza, kusoma pamoja na watoto, na kumenya viazi. Habari ya viazi iliwachekesha wanafunzi. Ile ya rangi iliwauma, maana wavulana walikuwa wamekwisha kuichagua.

Tulijadiliana hadi usiku, tukaamua nguo ziuzwe. Jumapili ndiyo siku ambayo soko la Kibuye hufurika, kwa hiyo leo asubuhi tulitandaza turubai kando ya wauza mitumba, baada ya kuwaomba ruhusa na kuwaahidi kwamba hatutashusha bei wakakosa wateja. Mweka hazina ndiye aliyeuza, huku ameziba pua kwa leso kwa sababu ya magunia ya omena yaliyokuwa nyuma yetu, samaki ambao tangu aingie kidato cha kwanza hajapata kuwatia mdomoni, na kila siku ya omena shuleni sahani yake huliwa na jirani yake. Mama mmoja alichukua sweta ndogo ya kijani iliyotiwa viraka kwenye viwiko akasema atatoa hamsini. Msichana akaigeuza kukagua, akaona jina la mtoto limeshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi, akamwomba mama yule asubiri kidogo. Akaufumua uzi kwa meno, herufi moja baada ya nyingine, mama amesimama na noti yake mkononi. "Hatuuzi jina la mtu," alimwambia. Sikujua wakati ule kwamba majina na karatasi ndivyo vitakavyotusumbua wiki nzima.

Tulipata shilingi 6,850. Mipira miwili iligharimu 3,800, zilizobaki zikaingia mfukoni mwa safari.

Siku ya tatu, Jumatatu

Leo ilikuwa siku ya karatasi. Wengi wa wanafunzi walidhani kwamba kuvuka kwenda Tanzania ni sawa na kuvuka kwenda Uganda, kwa kuwa Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho tu. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Sita wanazo pasipoti za kielektroniki za Afrika Mashariki, wengine tumewaombea hati za muda za kusafiria. Nilipouliza ni nani hana cheti cha kuzaliwa, hakuna aliyenyosha mkono, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Siku ya tano, Jumatano

Huu ni mwaka wangu wa 19 nikifundisha Kiswahili, na leo nimegundua kwamba sijawahi kuwafundisha wanafunzi wangu kuomba maji.

Kwetu mtu huingia dukani akasema "Nipe maji" au "Nataka maji," na mwenye duka humpa bila kukunja uso, kwa sababu hakuna aliyetukanwa. Ng'ambo ya ziwa maneno hayohayo huwa na makali. Kule mnunuzi husema "Naomba maji" hata kama fedha anazo kiganjani, na asiyesema hivyo huonekana amekuja kwa shari. Basi tuligeuza dawati kuwa duka, nikawa muuzaji, na kila mmoja akaja kununua. Aliyesahau "naomba" alirudi mwisho wa foleni. Zoezi hilo lilituchukua karibu saa nzima, zaidi ya nilivyotarajia, kwani ulimi uliozoea kuamrisha haulegei kwa siku moja.

Baadaye tukaja kwenye shikamoo. Neno hili wamelijibia maswali ya mtihani tangu shule ya msingi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwamkia mtu wa Kisumu nalo, na binti wa kidato cha pili alipojaribu kunitamkia alicheka hadi akaketi chini. Nikawatuma wakafanye mazoezi kwa mlinzi wa lango, mzee wetu wa siku nyingi. Alipokwisha kuitikia "Marahaba" mara kumi na nne mfululizo, alinijia akaniuliza kwa wasiwasi kama amefukuzwa kazi.

Ubaoni niliandika majina ya samaki wa ziwa moja linaloitwa Victoria pande zote: omena wetu ni dagaa wao, ngege wetu ni sato, na mbuta ni sangara. Hayo waliyashika upesi. Waliokwama ni wale waliotaka kuwataja wakubwa wa kwao. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu, mkimya ambaye huzungumza mara moja kwa juma, alinyosha mkono akasema: "Mwalimu, nikiwaambia nimelelewa na nyanya, wale watoto watadhani ni nyanya za sokoni. Nikisema nimelelewa na bibi, hawa wenzangu watasema nimeoa." Darasa likavunjika mbavu. Nikamwambia aseme bibi, sisi tutamvumilia.

Siku ya saba, Ijumaa

Kikao cha wazazi kilianza saa nane na kwa nusu saa kilikuwa cha kupongezana. Kisha mzazi mmoja, mwendesha bodaboda wa Kondele ambaye mwanawe ni mmoja wa 14, alisimama na karatasi ya bajeti akaomba kuuliza. Safari itagharimu shilingi 96,400. Mchango wetu kwa kituo ni kama shilingi 45,000 kwa mwaka. "Mwalimu, nauli hii ni msaada wa miaka miwili na zaidi. Kwa nini msiwatumie hizo hela, mkabaki hapa?"

Sikuwa na jibu la kumstahili. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali jingine, lile la madhara ya wageni kwa watoto, kwa kuwa najua kwamba mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililozitaka nchi zishughulikie madhara ya ziara za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwemo za kitalii, kwa sababu ziara hizo zinaweza kuzaa biashara na unyonyaji wa watoto. Najua pia kwamba Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya kulelea watoto mnamo Novemba 2017, na kwamba mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia, si katika mabweni. Niliyaeleza hayo, nikaeleza kwamba ndiyo sababu tulichagua kituo kinachowarudisha watoto kwao, na ndiyo sababu tutashinda nao siku mbili tu, mchana, mbele ya walezi wao. Mzazi yule alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Hayo ni mazuri, lakini mimi nimeuliza juu ya hela."

Nikaona afadhali nimpigie simu msimamizi wa kituo, sauti isikike na wote. Baada ya salamu, ambazo kwa Watanzania si jambo la kuruka, mzee wa bodaboda akamuuliza swali lilelile. Mama yule alisema kwamba tukituma fedha hizo watazipokea na kuzitumia, na tusipokwenda hakuna atakayenuna. Akaongeza kwamba kituoni kwao hupita wageni wengi wanaokuja mara moja wakapotea, lakini sisi tumetuma miaka mitatu bila kuonekana, na watoto humwuliza hao wa Kisumu ni watu wa namna gani, wakubwa au watoto kama wao.

"Haya, nimesikia," mzazi akasema, akaketi. Sidhani kwamba alishawishika, na mimi mwenyewe nilitoka pale nikiwa nimeshawishika nusu. Lakini swali lake halikupotea bure. Wanafunzi walikutana bila mimi, wakafuta fulana zenye nembo ya chama ambazo zingegharimu 12,600, wakafuta nyumba ya wageni ya Migori iliyokuwa 8,400 wakitaka tuombe kulala katika bweni la shule, na shilingi 21,000 zilizookolewa zikatumwa kituoni jioni hiyohiyo. Nakiri kwamba ile fulana niliipenda.

Siku ya nane na ya tisa

Mvua. Mazoezi ya kusoma hadithi kwa sauti, watatu watatu. Hati za muda zimetoka, isipokuwa moja.

Siku ya kumi, Jumatatu

Hati iliyokwama ni ya yule mvulana mkimya.

Nyanya yake alitoka Nyakach alfajiri, tukakutana naye mlangoni mwa ofisi kabla haijafunguliwa. Alikuja na kila alichokuwa nacho: kitambulisho chake, barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, na kadi ya kliniki aliyoitunza ndani ya Biblia hadi imechukua umbo la kurasa. Afisa alivipokea vyote, akavipanga mezani kwa utaratibu, kisha akauliza kitambulisho cha mzazi. Mama wa kijana aliondoka kwenda Nairobi akimwacha na miaka minne, na tangu hapo hakuna habari zake. Baba hakuandikwa popote. Basi iletwe hati ya ulezi kutoka mahakamani, akasema. Hati hiyo haipatikani kwa siku tatu.

Sina lawama kwa afisa yule. Hakutupandishia sauti, na kanuni aliyotusomea imewekwa kwa sababu nzuri, maana bila hiyo mtu yeyote angejiita shangazi akamvusha mtoto wa mwenziwe mpakani. Kosa ni langu. Niliuliza ni nani hana cheti cha kuzaliwa, nisiulize ni nani hana mzazi. Ningeuliza hivyo miezi minne iliyopita, muda wa kwenda mahakamani ungekuwepo. Kwa muda wote huo nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi juu ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka uliofuata, nikiwasomea ile Ibara ya 7 juu ya kila mtoto kuandikishwa na kupewa jina anapozaliwa, kana kwamba ni habari ya watoto wa kwingine.

Nilijaribu kumwomba nyanya radhi. Alinikatiza kwa Kijaluo. "Japuonj," aliniambia, yaani mwalimu, "mtoto huyu hajafa. Twende tunywe chai."

Siku ya kumi na moja, Jumanne

Wanafunzi walitaka safari iahirishwe hadi Desemba. Mvulana mwenyewe alikataa, akasema kwamba watoto wa Mwanza wameambiwa siku, na mtu akikuambia siku unaihesabu. Nikamwuliza amejuaje. Hapo ndipo alipotusimulia jambo ambalo hata mimi mwalimu wake wa darasa sikulijua, kwamba kabla nyanya yake hajampata aliishi miaka miwili katika nyumba ya watoto huko Nakuru, akiwa darasa la kwanza na la pili.

Hakusimulia kwa huzuni. Alisimulia kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Alisema wageni walikuwa wakija Jumamosi, na kwamba kuna siku alipewa mche wa sabuni akaambiwa aushike kifuani na kutabasamu, akapigwa picha. Jua halikuwa zuri, wakarudia. Wakarudia tena. Baada ya picha ya tatu sabuni ilirudishwa ndani ya katoni pamoja na nyingine zigawiwe wote, naye akadhani amenyang'anywa zawadi yake kwa kuwa hakutabasamu vizuri.

Baada ya hapo suala la kupiga picha kwa simu halikuhitaji hotuba yangu. Nilikuwa nimeandaa maelezo juu ya Ibara ya 16 ya Mkataba, inayolinda faragha ya mtoto, nikayaacha mfukoni. Wamekubaliana simu zote zikae katika mkoba wa mwalimu mwenzangu tangu tutakapoingia langoni mwa kituo hadi tutakapotoka. Wawili walinung'unika, na mmoja wao aliuliza swali la haki kabisa: wanachama hamsini wanaobaki wataaminije kwamba tulifika? Katibu akamjibu kwamba watasimuliwa, kama watu walivyokuwa wakisimuliwa kabla simu hazijawa na kamera.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano

Tumefunga mizigo. Mlinzi wetu, aliyekwisha kuzoea kuamkiwa shikamoo na sasa hukasirika asipoamkiwa, alishangaa kwa nini tunazunguka kwa barabara ilhali ziwa liko pale. Aliwaeleza vijana habari za meli ya Victoria iliyoanza safari zake mwaka 1961, ikibeba abiria kutoka bandari ya Kisumu kwenda Mwanza, Bukoba na Port Bell, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na meli zikagawanywa kama vyombo vya nyumba iliyoachana. Victoria ilibaki kwa Watanzania. Mzee anaisikitikia hadi leo kana kwamba ilikuwa yake.

Siku ya kumi na tatu, Alhamisi

Tuliondoka saa nne, baada ya dereva kukamilisha karatasi za gari. Mvulana wetu alipanda basi pamoja nasi, kwa kuwa likizo imeanza na njia yetu inapita kwao. Tulipita Ahero katikati ya mashamba ya mpunga, tukapinda kulia, kushoto kwetu kukiwa na wauza tikitimaji, na hakuna aliyeimba, jambo lisilo la kawaida katika basi la shule. Tulipofika Katito nyanya yake alikuwa amesimama kando ya barabara na kikapu cha njugu karanga za kuchemsha, akakipitisha dirishani kabla hatujamsalimu. Mjukuu akateremka. Kabla ya kuteremka alimpa mweka hazina karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la hesabu, akamwagiza isisomwe mpaka wafike mpakani. Wasichana wawili walilia. Yeye alipungia basi mkono mara moja, akachukua kikapu kitupu, akamfuata nyanya yake kwenye njia ya miguu.

Mbele ya hapo barabara ilifanya kazi yake ya kuwachangamsha. Daraja la Sondu, Oyugis, kisha mlima hadi Kisii, ambako dereva alisimama ili injini ipoe nasi tukauziwa ndizi mbivu na akina mama waliokimbia kandokando ya basi kabla halijasimama. Kutoka Rongo hadi Awendo ni miwa pande zote, na nyuma ya trekta moja iliyojaza miwa kupita kiasi tulikwenda mwendo wa konokono kwa muda mrefu, wavulana wakiomba muwa mmoja udondoke. Haukudondoka. Tulifika Migori kabla ya jua kuzama, tukapokewa katika bweni la shule tulilokuwa tumeliomba, vitanda vya ghorofa na magodoro tuliyobeba wenyewe. Wanafunzi 13, walimu wawili, mzazi mmoja na dereva. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilitafuta wa 14.

Siku ya kumi na nne, Ijumaa

Isebania ni upande wetu na Sirari ni upande wao, lakini maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, hivyo mtu hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo lilelile. Wabadilisha fedha walituzunguka kabla hata mlango wa basi haujafunguka, kila mmoja akitaja bei yake, nayo shilingi yetu moja ilikuwa ikielea kwenye takriban ishirini za kwao. Beki wa timu alibadilisha mia tano, akapewa bunda la noti, akaanza kutembea kama tajiri.

Kadi za njano zilikaguliwa, zote zikapita. Afisa wa Tanzania aliamkiwa shikamoo na vijana kumi na tatu kwa zamu, akaitikia kila mmoja bila kuonyesha kwamba kuna lolote la ajabu, jambo lililowavunja moyo kidogo. Akachukua orodha yangu, akapitisha kalamu juu ya majina, akasimama kwenye moja nililolikata kwa mstari. "Huyu?" Nikamwambia amebaki. Akagonga muhuri.

Tulirudi ndani ya basi kumsubiri dereva aliyekuwa bado anashughulikia kibali cha gari. Mweka hazina akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya magoti, akaisoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa mdogo, ndani ya mirabaraba. Usimwulize mtoto wazazi wake wako wapi, iliandikwa, akitaka atakuambia mwenyewe. Usiahidi kurudi kama hujui nauli itatoka wapi. Mkicheza mpira msiwaachie wafunge, watajua. Na mkipikiwa, kuleni mmalize, kwa sababu wageni walipokuwa wakiondoka sisi tulikuwa tunakwenda kuangalia sahani zao.

Tulikaa kimya. Simu yangu ikalia, alikuwa msimamizi wa kituo, akiuliza tumefika wapi na kama bado ni watu 17. Alisema watoto hawatutarajii kabla ya jioni lakini wamekwisha kuanza kukoka moto, kwa kuwa leo zamu ya jikoni wameitaka wao, na watatupikia ugali na dagaa wa nazi. Nikawaambia wanafunzi, wakashangilia.

Mweka hazina hakushangilia. Aliniinamia polepole kutoka kiti cha nyuma.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Dagaa na omena ni samaki mmoja kabisa, au wanafanana tu?"

Nikamwambia ni walewale.

Akaitazama karatasi tena, sehemu ya chini, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaitia ndani ya kadi yake ya njano. Dereva akarudi na kibali, akawasha gari.